Puli Iliyogoma: Siku Tatu na Supachaja ya Mini, Ndeeba

Ukingo wa puli, yaani gurudumu dogo linalopitiwa na mkanda wa injini, ulikuwa umemeguka sehemu tatu, kila mmeguko ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Nilizima tochi, nikajinyoosha, nikamwambia mwenye gari kwamba kazi hii si ya saa mbili kama alivyoambiwa kule alikotoka.

"Sema siku ngapi," akasema.

"Tatu, afande. Na ya kwanza ni ya kuangalia tu."

Mwenye gari ni afande mstaafu, na gari lenyewe ni la binti yake: Mini Cooper S ya 2005, iliyoletwa kutoka Uingereza kabla ya sheria ya 2018 kuyafungia mlango magari yaliyofikisha miaka 15. Mini zenye supachaja ni zile za 2002 hadi 2006, na za paa la kukunja hadi 2008; kizazi kilichofuata kilihamia tabo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini. Kwa hiyo hapa Kampala ni za kuhesabu, na gereji nyingi za Ndeeba, hata zenye mafundi hodari, hazijawahi kufungua hata moja. Mikono yetu imezoea Toyota na Subaru. Afande na mimi tunaelewana kwa Kiswahili: yeye alikipata jeshini, mimi nimezaliwa Busia, mpakani, ambako mtoto huanza shule akiwa na lugha tatu nne mdomoni.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu puli za aina hii nimeziona zikiharibiwa mara nyingi, na uharibifu wake hufanana. Hautoki kwa fundi mvivu. Unatoka kwa fundi mwenye bidii ambaye hajajiuliza nguvu anayoitia inaishia wapi.

Gari lilikuwa na malalamiko mawili. Injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa, kulisikika mlio wa kokoto ndani ya kopo, upande wa mkanda. Ukikanyaga mafuta kidogo, mlio unapotea. La pili, oili ilikuwa inachuruzika chini ya pua ya supachaja na kuupaka mkanda, nao mkanda ukawa unateleza na kupiga kelele asubuhi. Gereji ya kwanza walisema ni kapulingi, yaani kiungo cha shafti, na sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili. Walisema kweli, na sitaki kuwanyima haki yao: uchunguzi wao ulikuwa sahihi kabisa. Walikwama kwenye kutoa puli.

Kwa asiyeijua, supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Umbo lake linatokana na kipuliza hewa ambacho ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walikipatia hataza mwaka 1860, miaka mingi kabla ya gari kuwepo. Kilitumika kupulizia tanuru na kupeleka hewa migodini. Ndani mna rota mbili zilizosokotwa, zinazozunguka zikikaribiana bila kugusana. Ya Mini ni Eaton M45, na hiyo 45 ni inchi za ujazo: kila mzunguko mmoja inasukuma karibu lita 0.74 za hewa kuelekea kwenye injini ya lita 1.6. Inazunguka karibu mara mbili ya kranki, shafti kuu ya injini, maana yake injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, shafti ya supachaja iko jirani na 12,000. Rota hazigusani kwa sababu gia mbili zilizo mbele, ndani ya chumba chao cha oili, zinazishikilia katika mpangilio wake. Nafasi kati ya rota na kuta zake ni sehemu ndogo sana ya milimita. Shikilia picha hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyoninyima usingizi usiku wa kwanza.

Mbele ya chumba cha gia kuna pua: bomba la alumini lenye shafti fupi ndani, beringi, na sili ya mpira. Puli imekaa kwenye ncha ya shafti hiyo. Shafti inaingia kwenye gia kupitia kapulingi ndogo yenye pini, na kapulingi hiyo ikichakaa ndipo unaposikia kokoto. Ingekuwa kapulingi peke yake, puli usingeigusa: unafungua bolti za pua, unaichomoa nzima na puli yake, unabadilisha, unarudisha. Lakini sili na beringi ziko nyuma ya puli. Hakuna njia ya kuzifikia puli ikiwa mahali pake.

Na puli hii haina nati. Haina bolti ya kati, haina kabari. Tundu lake kiwandani limechongwa dogo kuliko shafti kwa sehemu chache za mia za milimita, kisha likasukumwa kwa mashine mpaka likakaa. Kinachoishikilia ni mbano wa chuma juu ya chuma.

Gereji ya kwanza hawakuishusha supachaja. Walitoa gurudumu la mbele la kulia, upande wa dereva, wakalegeza mkanda, wakaipachika pula ya miguu mitatu, yaani kile chombo cha kung'olea beringi, huku supachaja ikiwa bado imefungwa kwenye injini. Miguu ile ilishika ukingo wa nje wa puli. Ukingo ni mwembamba, kazi yake ni kuuzuia mkanda usitoke. Haukutengenezwa kubeba tani. Sehemu tatu ziliguswa, sehemu tatu zikameguka. Baada ya hapo, kwa ushahidi wa alama nilizoziona, ilifuata nyundo.

Siku ya kwanza ikaenda kushusha. Kwenye Mini hii supachaja iko mbele ya injini, imebanwa kati yake na rejeta, kwa hiyo bampa inatoka na mbele yote inasogezwa ili mikono iingie. Kuna jambo la kujua kabla hujashika spana: pampu ya maji ya gari hili inazungushwa na mkia wa supachaja yenyewe. Ukiishusha, unaachanisha na pampu. Na mkia huo una gia zake na oili yake, tofauti na ile ya mbele. Mlionunua Mini hizi, oili hiyo ya nyuma ikikauka, gia zinalika, pampu inasimama, na injini inachemka wakati wewe unatafuta kosa kwenye rejeta. Yetu ilikuwa bado na oili, nyeusi na nzito kama lami, lakini ipo. Niliimwaga na kuandika kwenye daftari kwamba itapata mpya.

Supachaja ilipokuwa juu ya benchi nilifanya jambo moja kabla ya yote: nikapima kwa kalipa umbali kutoka uso wa pua hadi mgongo wa puli, sehemu nne kuzunguka, nikauandika kwa chaki ukutani. Puli ya kubana haina bega la kuiambia ikome wapi wakati wa kurudisha. Ukikosa kipimo hicho, mkanda utakaa kombo na kuliwa upande mmoja. Namba yenyewe siiweki hapa kwa makusudi. Kila mtu apime gari lililo mbele yake.

Kisha nikaichomoa pua. Oili ya mbele ilitoka kiasi kisichofika robo lita, yenye vumbi la kahawia la kapulingi. Rota nilizizungusha kwa mkono. Zilizunguka laini, bila kukwaruza. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nyundo ile ingeweza kuzisukuma rota zigonge ukuta wa nyuma, na hapo supachaja nzima ingekuwa chuma chakavu. Kilichoziokoa ni ile kapulingi iliyochakaa: pini zake zinateleza ndani ya matundu kwa urefu, kwa hiyo pigo la nyundo lilisukuma shafti ya pua na kuishia kwenye beringi ya pua. Beringi yenyewe haikupona. Nilipoizungusha polepole nilihisi vituo, kama saa inayohesabu: gololi zilikuwa zimepiga vishimo kwenye njia yake. Beringi ya gololi hubeba mzigo wa pembeni vizuri sana. Ukiipiga kwa urefu wa shafti, kila gololi inakuwa patasi.

Sasa nikabaki na pua mkononi, puli ikiwa imeng'ang'ania kwenye ncha yake, na jioni hiyo nikafanya kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na pula nzuri ya miguu miwili, yenye bolti ya kati iliyochongoka. Nikajiambia nijaribu mara moja tu, kwa upole, kwa kushika puli karibu na kitovu. Nikaweka ncha ya bolti kwenye kidoti cha katikati ya shafti, nikakaza. Puli haikusogea hata unywele. Nilikaza tena. Bolti ikazama kidogo, nami nikadhani ni puli inaanza kuja. Haikuwa puli. Ilikuwa ncha iliyochongoka ikijichimbia ndani ya shafti na kuipanua kama kabari ndani ya gogo. Nililegeza, nikafuta grisi, nikachukua lenzi ya kijana wangu anayotumia kutengenezea simu.

Pale ndipo nilipoona kilichokuwa kinatuzuia sote. Ncha ya shafti ilikuwa imefura. Nyundo ya gereji ya kwanza ilikuwa imeitandaza kama kichwa cha uyoga, na bolti yangu ikaongeza. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo, jicho tupu lingeupita. Lakini puli iliyobanwa kwa sehemu chache za mia za milimita sasa ilitakiwa ipite juu ya ncha nene zaidi. Hata ingekuwa na nguvu ya kreni, ingekuja na chuma cha shafti.

Kijana wangu, ambaye kwao ni Arua na ni mwepesi wa kuuliza, akasema, "Fundi, tuimwagie mafuta ya kutu ilale usiku kucha."

Swali zuri, nami nilimjibu kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tunashika kopo hilo kabla ya kufikiri. Mafuta ya kulegeza hufanya kazi penye kutu, maana kutu ina vinyweleo vya kuyanyonya. Gari hili limeishi Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kweli bolti za chini zilikuwa zimeliwa. Lakini mbano wa puli ni uso msafi juu ya uso msafi, hakuna nafasi ya mafuta kupita. Ungeilaza wiki nzima, ingeamka vilevile.

Afande alipita asubuhi ya siku ya pili na akauliza maswali mawili, yote ya maana. La kwanza: kwa nini tusitumie gesi, tuipashe moto mpaka iwe nyekundu? La pili: Ndeeba hii ina mashine za kushindilia kila kona, kwa nini tusiisukume tu?

La gesi. Chuma hutanuka kama sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua tundu la milimita 20 kwa mfano. Ukilipasha nyuzi 80 zaidi ya shafti iliyo ndani yake, linapanuka karibu milimita 0.02. Kidogo hicho, robo ya unene wa unywele, ndicho kiasi cha mbano wenyewe. Kwa hiyo joto linasaidia, tena sana. Ila neno lenyewe ni "zaidi ya shafti". Moto wa gesi ukiwashwa dakika nzima unapasha vyote viwili, na vikitanuka pamoja hujapata kitu. Umeipunguza tu nguvu ya chuma na kuiyeyusha sili juu ya pua ya alumini. Tunachohitaji ni puli yenye joto na shafti yenye baridi kwa wakati mmoja.

La mashine ya kushindilia. Ukisukuma shafti, kitu fulani lazima kizuie puli kwa chini. Nafasi kati ya puli na pua ni nyembamba mno, bamba lenye nguvu haliingii. Kwa hiyo mtu anaiegemeza pua yenyewe. Hapo nguvu inaondoka kwenye mashine, inapita kwenye shafti, inaingia kwenye beringi, inaingia kwenye alumini ya pua. Puli haijaguswa na nguvu hata kidogo. Beringi nilikuwa naibadilisha hata hivyo, lakini pua ikipasuka, utaitafuta soko la vipuri la Kiseka lote mpaka kidole kiote sugu na huipati.

Nilimchorea afande chini kwa chaki. Mshale mmoja unavuta puli, mshale wa pili unasukuma shafti, na mishale hiyo miwili inakutana ndani ya chombo kimoja, hakuna mwingine anayeguswa. Nguvu ianze na kuishia kati ya hivyo viwili. Aliutazama mchoro muda mrefu, akasema, "Kama kumtoa mtu kwenye umati bila kuuvuruga umati." Sijapata maneno mazuri zaidi ya hayo.

Basi swali likawa moja: tuishike puli wapi? Ukingo umekwisha. Kitovu hakifikiki. Kilichobaki ni uso wenyewe unaokaliwa na mkanda. Mkanda wa gari hili ni wa mifereji sita, na mifereji ya mikanda ya aina hii imepangwa kwa kipimo kimoja dunia nzima: milimita 3.56 kutoka tuta hadi tuta, pembe nyuzi 40. Ukitengeneza kola ya chuma yenye matuta sita kwa ndani, ukaifunga kuzunguka puli, utakuwa umeishika puli duara zima, kwenye mifereji sita kwa pamoja. Hayo ndiyo mategemeo yangu yote niliyoyabeba kwenda Katwe, kwa wachonga vyuma.

Katwe kuna mkereza mmoja ambaye mimi humwita mzee na kumsalimu kwa mikono miwili. Ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili chake kina ladha ya kambi na ya Kinubi, na mashine yake ya kukerezea imemzidi umri mwanawe wa kwanza. Nilimwekea pua juu ya meza, nikamweleza. Hakusema kitu. Aliomba kipande cha mkanda wa zamani. Nilikuwa nimeubeba ule uliolowa oili. Akakata kipande cha urefu wa kidole, akakifuta vizuri.

"Huyu ndiye kipimo," akasema. "Puli na mkanda wamezaliwa pamoja. Mimi nitamfuata mkanda."

Alichukua kipande cha shafti ya lori, akakitoboa, kisha akanoa ncha ya kukatia mpaka ikakaa ndani ya mfereji wa mkanda bila mwanga kupita. Alichonga matuta sita kwa ndani, mmoja mmoja, akisimama kila mara kuujaribisha mkanda. Umeme ulikatika kwenye tuta la nne. Tulikaa saa moja na nusu, naye hakuigusa mashine wala kukitoa chuma mahali pake, kwa sababu ukikitoa, alisema, hutakirudisha kwenye katikati ileile. Umeme uliporudi aliendelea kama vile hapakuwa na kilichotokea. Kisha akaikata kola vipande viwili kwa msumeno, na pengo lililoachwa na msumeno likawa ndilo nafasi ya kubana. Bolti mbili pembeni za kukaza, bamba nene juu lenye tundu la nati, na bolti ya kati ya milimita 16 yenye uzi mwembamba, hatua ya milimita 1.5. Nilimlipa shilingi 150,000 na nikaona nimepewa.

Jioni hiyo, kabla ya kola, kazi ya tupa. Nilichukua tupa ndogo na jiwe la mafuta nikakaa saa nzima nikiondoa ule uvimbe wa ncha ya shafti, nikipima, nikiondoa, nikipima. Pamba yenye grisi niliizungushia ili unga wa chuma usidondoke. Hii ndiyo sehemu ambayo ningemsihi fundi yeyote asiiruke. Kola peke yake, bila tupa, ingeng'oa puli pamoja na ngozi ya shafti, na puli mpya isingekuwa na pa kushika.

Siku ya tatu asubuhi tulianza. Kola ilifungwa juu ya mifereji na kukazwa pande zote sawasawa. Nilipitisha karatasi nyembamba kwenye mapengo mawili kuhakikisha yanalingana. Kati ya bolti na shafti niliweka kipande cha shaba cha unene wa sarafu mbili, bapa, ili nisirudie kosa la ncha iliyochongoka: shaba inalainika na kutandaza mzigo kwenye uso wote. Uzi wa bolti ukapakwa grisi. Kola nzima ikabanwa kwenye jiliwa, si pua. Pua ilining'inia huru, haijaegemea popote. Nilipiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye shafti kuvuka hadi usoni mwa puli, kwa sababu macho hudanganyika na chuma hakidanganyi kikiwa na alama.

Nilikaza kwa spana ya kipimo hadi nyutoni-mita 100. Kwa bolti ya milimita 16 hiyo ni takriban tani tatu za kuvuta. Kola haikuteleza. Puli haikusogea pia. Pale mkono unawasha wa kuongeza, au wa kuigonga bolti kichwani. Nilikataa vyote viwili. Pigo la kichwani mwa bolti linashuka moja kwa moja kwenye shafti, na tungekuwa tumerudi kwa jamaa wa nyundo.

Kijana alikwenda kwa muuza soda akaleta barafu. Tuliifunga kwenye kitambaa, tukakizungushia upande wa ndani wa shafti, ule uliotoka kwenye kapulingi, ambao sasa ulikuwa wazi kwa sababu pua ilishachomolewa. Nikawasha mashine ya hewa moto na kuielekeza kwenye kitovu cha puli, nikiizungusha, nikiizungusha. Dakika nne. Tulipima kwa kipimajoto cha mwanga: kitovu nyuzi 115, shafti nyuma haikufika 30.

Hakuna aliyesikia kitu. Nimesoma na kuambiwa kwamba puli hizi hutoka kwa mlio wa kuvunjika, nami nilikuwa nimejiandaa. Kijana ndiye aliyeona. "Fundi, mstari." Mstari wa rangi ulikuwa umekatika. Kati ya kipande cha shafti na kipande cha puli palikuwa na uzi mweusi wa pengo, na nilipoishika spana bolti ilikuwa nyepesi. Niliizungusha nusu, ikawa nzito tena, nikasubiri, nikaongeza hewa moto, nusu nyingine. Mzunguko mmoja ni milimita moja na nusu. Tulikwenda hivyo, mzunguko kwa mzunguko, bila kupumzisha joto, mpaka puli ikaanguka ndani ya kola na kijana akaidaka kwa kitambaa.

Shafti ilitoka safi. Ina michirizi miwili myepesi karibu na ncha, mahali pa uvimbe, na zaidi ya hapo uso wake unang'aa kote. Niliupitishia ukucha na haukukwama.

Kilichobaki ni kazi ya kawaida. Beringi ya zamani ilitoka, mpya ikaingia kwa kusukumwa kwenye duara lake la nje ndani ya pua na kwenye duara la ndani juu ya shafti, kila kimoja kwa bomba la ukubwa wake. Sili mpya. Kapulingi mpya. Oili za mbele na nyuma ni zile maalumu za supachaja. Ya injini haifai, na hilo halina mjadala.

Kurudisha puli kunahitaji neno. Kijana alipendekeza tuilaze pua nzima kwenye friza ya muuza soda ili shafti inywee. Hesabu yake ni sahihi, lakini kitu chenye baridi kikitolewa kwenye hewa ya Kampala kinatoka jasho papo hapo, na jasho hilo lingeingia ndani ya beringi mpya. Tuliipasha puli mpya peke yake, ndani ya jiko la mikate la jirani yetu mwokaji, hadi nyuzi 150. Pua tuliisimamisha ncha ya ndani ya shafti ikiwa imeegemea kipande cha chuma, ili nguvu ya kushindilia ishuke ndani ya shafti hadi chini bila kupita kwenye beringi. Mashine ndogo ya mkono ilitosha. Nikikaribia kipimo cha chaki nilikwenda kwa robo ya mzunguko, kalipa mkononi, sehemu nne kuzunguka, maana puli ikipoa imeshika na hakuna kurekebisha.

Gari liliwashwa saa kumi na moja jioni. Afande alikuwa amesimama mbele ya bampa, mikono nyuma. Kokoto hazikuwepo. Alisogeza sikio, akasikiliza tena, kisha akampigia simu binti yake na kuiweka simu juu ya injini bila kusema neno.

Sikumwachia gari lote siku hiyo. Mbano mpya unaweza kuteleza polepole, hasa kwenye shafti iliyowahi kujeruhiwa, kwa hiyo kabla ya kufunga bampa nilipiga mstari mwingine wa rangi, kutoka kwenye shafti hadi puli, nikampa afande sharti moja: baada ya safari ya kwanza ndefu, gari lirudi kwangu bila malipo. Binti alikwenda Mbarara na kurudi, zaidi ya kilomita 500. Lilipokuja nililiinua kwa jeki, nikatoa gurudumu la kulia, nikamulika. Mkanda ulikuwa mkavu. Mstari ulikuwa mzima, haujakatika, na kalipa ilisoma namba ileile iliyo ukutani.